Mfumo huria katika kompyuta za mkononi (Kaaga, Meru)

Mfumo huria wa kompyuta za mkononi ni mfumo wa uendeshaji wa simu, kishikwambi au kifaa kingine cha kiganjani ambao msimbo wake uko wazi. Yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuutoa upya, mradi afuate masharti ya leseni. Kaaga ni kitongoji cha mji wa Meru ambako Wamethodisti walianza misheni yao mwaka 1912, na ambako leo Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kina kampasi yake kuu. Mfumo huria unaotumika huko kila siku ni Android, ambayo kiini chake ni Linux. Mwanafunzi anayesoma noti kwenye simu ya kugusa anatumia Linux, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia.

Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa ajili ya kompyuta za mezani. Safari ya kuiingiza kiganjani ilianza karibu miaka kumi baadaye. Kampuni ya Compaq ilipotoa kompyuta ya mkononi ya iPAQ mwaka 2000, watafiti wake huko Cambridge, Massachusetts, waliihamishia Linux na kuwaachia watu wote kazi hiyo waiendeleze. Zikafuata Zaurus ya Sharp na, mwaka 2005, Nokia 770. Vyote vilikuwa vifaa vya wapenzi wa kompyuta, na ugumu wa kuiingiza Linux kwenye vifaa vya aina hiyo haujaisha hadi leo. Kompyuta ya mezani yenyewe huujulisha mfumo sehemu zake. Simu haifanyi hivyo. Kiini lazima kielezwe kimbele skrini iko wapi, betri inasomwaje, modemu inaamshwaje, na kila toleo la simu lina maelezo yake. Kiendeshi kimoja kikikosekana, kamera ni kioo kitupu.

Mlango ulifunguka Oktoba 2008, simu ya HTC Dream ilipoanza kuuzwa Marekani na msimbo wa Android ukatolewa hadharani. Kenya haikuchelewa kuona faida yake. Mpango wa afya wa AMPATH, wenye makao Eldoret, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kutumia Open Data Kit, programu huria ya Chuo Kikuu cha Washington ya kujazia fomu kwenye simu za Android. Washauri waliopita nyumba kwa nyumba kupima virusi vya ukimwi walitembea na fomu zao kiganjani. Mwaka 2011 kampuni ya simu ya Safaricom ikaleta simu ya IDEOS ya Huawei kwa takriban shilingi 8,000. Kuanzia hapo Android ilianza kuwa simu ya mtu wa kawaida.

Kaaga, kama Kenya nzima, ilifikiwa na kompyuta hizi kwa namna rasmi zaidi usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza nchini kufanywa bila karatasi. Vishikwambi zaidi ya 160,000 vya Android vilivyounganishwa nchini, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, viligawiwa makarani. Majibu yalijazwa kwa CSPro, programu ya ofisi ya sensa ya Marekani inayotolewa bila malipo. Kaunti ya Meru ilihesabiwa watu 1,545,714, na Embu 608,599.

Uhuria huo, hata hivyo, una mipaka, na makala yoyote inayoificha inamdanganya msomaji. Kiini cha Linux kiko chini ya leseni ya GPL, na sehemu kubwa ya Android iliyobaki iko chini ya leseni ya Apache. Duka la programu na huduma za Google si huria, wala si huria viendeshi vingi vya watengenezaji wa chipu. Fundi wa mjini anayeandika upya mfumo wa simu iliyokwama (kuflashi) kwa kawaida anarudisha programu ya kiwandani. Kuweka mfumo mwingine, kama LineageOS iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 kutoka CyanogenMod, kunahitaji kwanza kufungua kufuli la programu ya kuwashia simu, na watengenezaji wengi hawaruhusu. Simu za mkopo zina kufuli la ziada. Katika mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanza 2020 kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, simu hujifunga malipo yakikatika. Msimbo uko wazi, lakini mwenye simu hana ufunguo.

Jambo moja linawapa moyo wanaotaka kujaribu mfumo mwingine. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilijengwa ndani ya laini ya simu yenyewe, na Android huria ina programu ya kuifungua menyu hiyo ya laini. Simu iliyoondolewa huduma zote za Google bado inaweza kutuma na kupokea pesa. Programu za benki ni shida zaidi, kwani baadhi hukataa kufunguka kwenye mfumo uliobadilishwa.

Faida nyingine ya uhuria kwa watu wa Meru na Embu ni ya lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha kwamba msimbo ukiwa wazi, wasemaji hawahitaji kumsubiri mwenye kampuni. Kwa njia hiyohiyo ya wazi, lugha zao za Kĩmĩrũ na Kĩembu zimo katika hazina ya data za lugha ya Unicode, ambayo Android huibeba. Programu ikiomba jina la Januari kwa Kĩembu hupewa Mweri wa mbere, yaani mwezi wa kwanza. Ikiomba Jumatatu kwa Kĩmĩrũ hupewa Muramuko, kisha siku zinahesabiwa: Wairi, Wethatu, Wena, Wetano. Hapo pana mtego. Wethatu ina tatu ndani yake kama Jumatatu, lakini ni Jumatano. Na Wetano, yenye tano kama Jumatano, ni Ijumaa. Mtafsiri asiyekulia huko angeharibu ratiba ya wiki nzima. Menyu, maonyo na maelezo ya Android kwa Kĩmĩrũ bado hayajaandikwa. Faili zake zimejaa sentensi fupi za kawaida, na leseni haimzuii mtu yeyote wa Kaaga kuzifungua na kuanza.