Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara: Timu ya Taifa Ilitangulia

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17 chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Kwa umri, ni mdogo wa timu ya taifa inayoitegemea. Timu hiyo, Twiga Stars, ikinolewa na Charles Boniface Mkwasa, ilikuwa imeshacheza Fainali za Afrika za Wanawake za 2010 nchini Afrika Kusini, ambako ilipoteza mechi zote tatu mbele ya wenyeji, Mali na Nigeria. Wachezaji wale walitoka kwenye timu za mitaani na mashindano ya mikoa yaliyokuja na kupita. Hata Septemba 2016, Kilimanjaro Queens ya Tanzania Bara ilipoifunga Kenya 2-1 mjini Jinja, Uganda, na kutwaa ubingwa wa CECAFA wa Afrika Mashariki na Kati, katika ligi ilikuwa bado haijachezwa hata mechi moja.

Msimu wa kwanza timu 12 zilipangwa katika makundi mawili, utaratibu uliopunguza safari katika nchi ambayo Kigoma na Mtwara zimetengana kwa siku nzima ya basi na zaidi. Bingwa alikuwa Mlandizi Queens ya mkoani Pwani, timu ya mji mdogo ambayo haikurudia tena kulibeba kombe hilo.

Waliofuata ni JKT Queens, mabingwa wa 2017/18 na 2018/19. Nguvu yao haikuwa miguuni tu. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lenye timu hiyo, lina kambi, viwanja na ajira, na katika ligi ambayo fedha zake ni chache, mchezaji mwenye uhakika wa kula na kulala ameshashinda nusu ya vita. Bia ya Serengeti Lite ilipoingia kama mdhamini mwaka 2018, ligi ilipata jina la biashara, lakini pengo kati ya timu za taasisi na timu za mitaa halikuzibika.

Simba Queens na Yanga Princess, timu za wanawake za klabu za Simba na Yanga, zilileta kitu ambacho jeshi halina: mashabiki. Simba Queens ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, kuanzia 2019/20 hadi 2021/22. Baadaye kanuni za leseni za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) zikazitaka klabu za wanaume zinazoshiriki mashindano ya Afrika kuwa na timu za wanawake, hivyo jambo la hiari likawa sharti. Simba Queens na JKT Queens zimeendelea kupokezana ubingwa, na ukweli ni kwamba timu nyingine zimebaki kugombea nafasi za chini yao.

Agosti 2022 Simba Queens iliifunga She Corporates ya Uganda 1-0 jijini Dar es Salaam katika fainali ya kufuzu ya kanda ya CECAFA na kukata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nchini Morocco ilifika nusu fainali, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa bao moja, ikamaliza ya nne. JKT Queens ilifuata mwaka 2023 nchini Ivory Coast, ikaishia hatua ya makundi.

Ligi pia imekuwa soko la wachezaji. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Opa Clement alitoka Simba Queens kwenda kucheza Uturuki.