Kutoka Simbi hadi Simu: Habari za Fedha katika Jinja na Mbale

Mwanafunzi wa Kiswahili anayelitafuta neno simbi katika kamusi huambiwa kuwa ni kauri, yaani kile kigamba kidogo cheupe cha baharini kilichotumika zamani kama fedha. Akivuka mpaka wa Busia akafika Jinja, atalisikia neno hilo karibu kama lilivyo, wala halijazeeka: Wasoga, kama walivyo jirani zao Waganda, huita fedha ensimbi. Kauri zenyewe zilikwisha kutoweka sokoni zamani. Jina limebaki, likazivaa sarafu, kisha noti, na leo tarakimu zinazoonekana kwenye kioo cha simu.

Makala haya yanakusudia kuufuata mwendo huo katika miji miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, ambayo yote ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Tunaufuata kwa ajili ya swali moja. Katika miji hiyo fedha za simu zimeenea hadi kwa muuza ndizi na mwendesha bodaboda, hali kadi ya benki, hata ile ya kisasa isiyochomekwa mashinini bali husogezwa tu karibu nayo, imebaki mifukoni mwa wachache. (Kadi hiyo haijapata jina moja lililokubaliwa na wote. Sisi tutaiita kadi ya kugusisha, mpaka wenye kamusi watakapotupa lililo bora.) Wengi husema simu ilishinda kwa kuwa ni chombo kipya na chepesi kutumia. Hatukubali. Kadi ni nyepesi zaidi, haina haja ya kutiwa umeme, na kazi yake huisha kwa muda wa kufumba na kufumbua. Sababu haimo katika chombo, imo katika habari za watu waliopata kukabidhiwa fedha za wakazi wa huko.

Simbi zilifika bara kwa miguu, mabegani mwa wapagazi wa misafara iliyotoka pwani. Zilitungwa katika uzi, mia kwa mia, ili kurahisisha hesabu. Na kadiri zilivyozidi kuletwa, ndivyo thamani yake ilivyozidi kushuka. Kuelekea Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, mali ilipimwa zaidi kwa ng'ombe na mbuzi. Lakini mahali pote zilipotumika, simbi zilikuwa na sifa moja ambayo tunaomba msomaji aiweke moyoni: hazikuhitaji mtunzaji. Mwenye nazo alizihesabu mwenyewe na kuzificha mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ilizuia kuingizwa kwake nchini, ikakataa kuzipokea kwa kodi, na akiba ya watu ikageuka mapambo.

Badala yake ilitakiwa rupia ya Kihindi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na kodi ya namna hiyo ikaenezwa Busoga na kwingineko. Rupia zingetoka wapi? Zilitoka katika pamba, ambayo mbegu zake zilianza kugawiwa kwa wakulima wa Uganda mnamo 1903 na 1904. Busoga ikawa nchi ya pamba, na mwaka 1912 ikafunguliwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali ili mzigo wa Kyoga ufike ziwani, uvuke kwa meli hadi Kisumu, na kuendelea Mombasa. Mbale nayo, mji uliokua mahali Semei Kakungulu alipoweka makao yake mapema karne hiyo, ikawa soko kubwa la mashariki. Mkulima aliuza pamba akapata rupia, akaitoa rupia kwa kodi. Alikuwa njia ya kupitia fedha kuliko kuwa mwenyewe wa fedha.

Waliokuwa na fedha ni wenye maduka. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, ambaye maduka yake yalitapakaa kutoka pwani hadi ndani ya Uganda. Wafanyabiashara wa Kihindi walileta pamoja nao hundi, yaani barua ambayo mtu wa mji mmoja humwandikia mshirika wake wa mji mwingine amlipe mchukuzi kiasi kadha. Fedha zenyewe hazikusafiri. Iliyosafiri ni amri. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mtu anayesimama leo mbele ya kibanda cha wakala mjini Mbale na kumtumia mama yake shilingi elfu ishirini afanya kazi ile ile ya hundi, ila barua imekuwa ujumbe wa simu. Neno hundi kwa Kiswahili limekwisha kuhamia kwenye hati ya benki. Historia yake imehamia kwingine kabisa.

Rupia haikudumu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na baada ya mchafuko mfupi uliozaa sarafu ya florini, shilingi ikaanza kutumika mwaka 1921. Sarafu zake ndogo za senti zilikuwa na tundu katikati. Waganda walilichukua neno senti wakalifanya ssente, nalo hadi sasa linashindana na ensimbi katika vinywa vya watu.

Tukija kwenye benki, habari yake ni fupi kwa mkulima wa kawaida, maana kwa miaka mingi hazikumhusu. Zilikuwa za Waingereza, zikihudumia wenye viwanda vya kuchambua pamba na wenye maduka. Mlango ulianza kufunguliwa baadaye. Mwaka 1950 serikali ilianzisha benki ya mikopo na akiba ambayo mwaka 1965 iligeuzwa kuwa Uganda Commercial Bank. Mwaka 1954, ambao ndio mwaka bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja na mji ukajaa viwanda, Wagisu waliandikisha chama chao cha ushirika cha kahawa, Bugisu Co-operative Union, makao yake yakiwa Mbale. Vyama vya ushirika vikawa na benki yao pia. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1966, na noti za nchi yenyewe zikatoka. Kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba mlima wa kahawa, kiwanda cha nguo na kaunta ya benki vimeanza kujuana.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Jinja, ambayo maduka na viwanda vyake vingi vilikuwa mikononi mwao, ikapigwa vibaya kupita miji mingine. Bidhaa zikaadimika, bei zikapanda, shilingi ikaliwa na magendo. Mwezi Mei 1987 serikali mpya ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30. Mwenye shilingi 10,000 alipaswa kupata 100, alipewa 70. Tunaomba hesabu hiyo isipitwe haraka. Aliyeweka akiba kwa uaminifu, nyumbani au benki, alikatwa. Aliyekwisha kununua ng'ombe au mabati hakukatwa kitu.

Mwaka 1999 Benki ya Ushirika ikafungwa. Uganda Commercial Bank, iliyokuwa na matawi hadi katika miji midogo, ilipunguza matawi yake na hatimaye ikauzwa, ikawa sehemu ya Stanbic mwaka 2002. Benki zilizosalia zilikuwa imara zaidi, na wachumi walizisifu. Lakini uimara huo ulipatikana kwa kujisogeza karibu na wenye mishahara na kujitenga na wenye mashamba. Kwa mtu wa Bududa au Buyende, benki ilikuwa safari ya nauli, foleni na fomu, pengine kwa ajili ya kiasi kisichozidi nauli hiyo mara nne.

Basi nafasi ilikuwa wazi. Machi 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na kampuni ya MTN ikaanzisha huduma yake nchini Uganda Machi 2009. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ikaja na M-Sente, jina lililolifuata lile la Kenya, ila pesa ya Kihindi imetoa nafasi kwa senti ya Kiingereza. Utaratibu wake hauna uchawi. Mtu humpa wakala noti. Wakala humpunguzia floti yake, kama wasemavyo wenyewe, na kumwandikia mteja kiasi hicho katika simu. Kampuni nayo hulazimika kuweka benki fedha halisi zinazolingana na zile za simuni. Simu ya vibonye, isiyo na intaneti, yatosha: mtu hubonyeza *165# na kufuata maelekezo. Kwa hiyo benki haikuondolewa, ilisogezwa nyuma ya pazia. Mbele ya pazia amekaa jirani, chini ya mwavuli wa manjano au mwekundu, ambaye mteja amjua kwa jina, naye hafungi saa tisa alasiri.

Kadi ya kugusisha ina asili nyingine. Ndani yake mna kijiwe cha kumbukumbu na uzi mwembamba wa kunasa mawimbi. Nguvu hupewa na mashine inapokaribishwa. Uingereza ilianza kuzitumia mwaka 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa, na kufikia Desemba 2012 abiria wa mabasi ya London waliweza kulipa nauli kwa kadi ya benki bila kuichomeka. Lakini katika nchi ile karibu kila mtu mzima alikuwa na akaunti ya benki tangu zamani. Kadi ilikuja kuharakisha uhusiano uliokuwapo. Haina uwezo wa kuuanzisha. Tena mwenye duka hana budi awe na mashine, awe na akaunti, na akubali kukatwa sehemu ya kila mauzo.

Jirani zetu walijaribu. Nairobi, mwaka 2013, Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu, na serikali ikatangaza kuwa tangu Julai 2014 nauli isilipwe kwa noti. Muda ukasogezwa, makondakta wakakataa, na BebaPay ikakoma mwaka 2015. Kigali, kwa upande mwingine, kadi ya kugusisha iitwayo Tap&Go ilianza mwaka huo huo wa 2015 na ikashika, kwa kuwa jiji lilikuwa limekwisha kuyapanga mabasi yake chini ya kampuni chache. Ile nayo ilikuwa kadi ya nauli, si ya benki. Jinja na Mbale nani atawapanga waendesha bodaboda?

Hata hivyo tusiisifu simu kupita kiasi. Anayelipa kwa kadi dukani kwa kawaida hatozwi kitu. Mzigo huuchukua mwenye duka. Mwenye simu hutozwa kutuma na hutozwa kutoa, na ada huwa nzito zaidi, kwa kulinganisha, juu ya viasi vidogo. Julai 2018 serikali iliongeza kodi ya asilimia 1 juu ya miamala ya simu. Watu waliandamana Kampala, na kabla ya mwaka kwisha kodi ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, tena juu ya kutoa peke yake: shilingi 500 kwa kila 100,000, mbali na ada ya kampuni. Mwenye mshahara aliyezitoa fedha zake kwenye mashine ya benki hakuguswa na kodi hiyo.

Na tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, huduma za fedha za simu zilizimwa kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano, zikabaki zimezimwa siku kadhaa. Amri hiyo haikuhusu kadi za benki. Mtu mwenye laki moja katika simu alikuwa nayo, na hakuwa nayo. Wazee waliokumbuka mwaka 1987 hawakuhitaji kuelezwa.

Katika habari hii mwalimu anasimama mahali pa pekee. Mshahara wa mwalimu wa serikali hupitia benki, hivyo yeye ni mmoja wa wale wachache wenye kadi. Mwisho wa mwezi, mjini Mbale, huziondoa fedha benki kuzipeleka kwenye simu, akatozwa. Humlipa mchuuzi wa soko kuu kwa simu. Mchuuzi naye huenda kwa wakala kuzitoa, akatozwa ada na kodi, kwa maana mkulima wa ndizi wa mlimani ataka noti. Asubuhi yake mchuuzi hupanda gari la kwenda Bududa, na noti hizo amezifunga katika pindo la kanga.