Neno ‘worry’ lilivyotoka kooni hadi moyoni

Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilijadili muswada wa kurekebisha sheria ya mwaka 1953 inayowabana wenye mbwa wanaosumbua mifugo, na neno moja likazua mjadala: worry. Sheria ile ililitumia kwa mbwa aliyewakimbiza kondoo malishoni, na ililitumia vilevile kwa mbwa aliyewararua. Muswada ulitaka kosa la kushambulia litajwe kwa jina lake, ukali wake uonekane. Msomaji wa leo akiona worry humfikiria mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo. Kondoo aliyechanwa koo hamjii akilini.

Shuleni tulifundishwa kwamba worry ni kuwa na wasiwasi, tukaishia hapo. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo makala haya yameiegemea, ina kisa kirefu zaidi. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa wyrgan, maana yake kunyonga. Mjerumani hadi leo ana würgen na Mholanzi ana wurgen, na wote wawili wanazungumzia koo lililokabwa. Baadaye neno likahamia kwa wanyama: mbwa au mbwamwitu anayemdaka kondoo shingoni na kumrarua. Shakespeare alilijua hivyo. Katika tamthilia yake ya Richard III, Malkia Margaret anamfananisha mfalme huyo na mbwa aliyeota meno kabla ya kufumbua macho, ili awararue wanakondoo.

Scotland nako binadamu waliendelea kunyongwa kwa neno hilihili. Mwaka 1590 Mfalme James wa Sita alirudi kutoka Denmark na mkewe Anne baada ya kuhangaishwa na dhoruba baharini, ukaanza msako wa wachawi waliodaiwa kuituma. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Agnes Sampson, mkunga na mganga wa East Lothian. Alipelekwa kasri la Holyrood, mfalme mwenyewe akamhoji. Akakana. Alinyolewa, akafungwa kamba kichwani, kamba ikakazwa, na mwishowe akakiri yote aliyotakiwa kuyakiri. Hukumu ilikuwa afungwe kwenye nguzo, anyongwe hadi afe, kisha mwili uchomwe uwe majivu. Kumbukumbu za mahakama zimeandika wirreit, yaani worry kwa tahajia ya Kiskoti. Agnes aliuawa Edinburgh tarehe 28 Januari 1591.

Mama huyo aliwapokea watoto wa wenzake duniani na kuwauguza wagonjwa wao, akalipwa kitanzi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1563 iliendelea kuwapo hadi ilipofutwa mwaka 1736, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wameorodhesha washtakiwa zaidi ya 3,800. Tarehe 8 Machi 2022 Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Scotland, aliomba radhi rasmi. Ilikuwa haki, ingawa ilichelewa mno.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, worry bado lilikuwa kurarua kama mnyama araruavyo windo, au kumwandama mtu kikatili. Wasiwasi haukuwamo. Ni katika karne ya 19 ndipo neno lilipoingia moyoni: kwanza jambo likawa linamkosesha mtu raha, kisha mtu mwenyewe akawa anakaa na kuhangaika peke yake. Yaliyofuata yanajulikana, tangu kitabu cha Dale Carnegie cha mwaka 1948 cha kuwafundisha watu kuacha wasiwasi hadi filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, iliyoichukua hakuna matata yetu na kuitangazia dunia kwamba ndiyo dawa ya worry.

Haya yote yanajulikana kwa sababu kuna watu waliokusanya karatasi. James Murray, Mskoti, alianza kuihariri kamusi ya Oxford mwaka 1879 ndani ya kibanda cha mabati uani kwake, chenye vishubaka 1,029. Wasomaji wa kujitolea walimtumia vikaratasi: neno juu kushoto, chini yake jina la kitabu, mwaka na sentensi yenyewe. Murray alifariki mwaka 1915 bila kuona mwisho wa kazi. Ilikamilika mwaka 1928.

Nasi je? Kamusi ya TUKI ya mwaka 1981, ya BAKIZA ya mwaka 2010 na ya BAKITA ya mwaka 2015 zinatufaa sana kwa maana za leo, lakini hazikutungwa kufuatilia neno karne kwa karne. Wasiwasi lilitoka katika Kiarabu, na asili yake, waswasi, ni ule mnong’ono wa Shetani tunaojikinga nao katika Surat An-Nas. Lini likawa hofu ya kawaida ya mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani? Ushahidi tunao wa kutafutia: barua za Kilwa za tangu mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. TATAKI (mrithi wa TUKI), BAKITA na BAKIZA wakae pamoja, waanze na herufi moja tu, na wawaombe wasomaji wa Kiswahili popote walipo watume sentensi wanazokutana nazo, pamoja na jina la chapisho na mwaka wake.