Maneno ya Mirathi katika Wasia za Kale za Waingereza



Lau utatiwa mkononi wasia wa Muingereza aliyekufa miaka 350 iliyopita, kitakachokughuri si maneno usiyoyajua. Hayo utayauliza. Kitakachokughuri ni yale unayodhani unayajua.

Nimelileta jambo hili kwa kuwa wako vijana wetu waliooa na kuolewa Uingereza, na watoto wao wanataka kuwajua jamaa za upande wa pili. Tumefunzwa kuzijua nasaba zetu ili tuunge udugu, na nasaba ya Kiingereza nayo ni nasaba. Wasia ni karatasi inayotaja watu wengi kwa mara moja, basi wengi huanzia hapo.

Chukua wasia wa William Shakespeare, mtunzi wa michezo ya kuigiza, wa mwezi wa Machi 1616, kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kufa kwake. Ndani yake anamtaja Elizabeth Hall na kumwita "niece". Mwanafunzi wa leo atafasiri: mtoto wa ndugu yake. Kumbe Elizabeth ni mjukuu wake khasa, binti wa binti yake Susanna, aliyezaliwa 1608. Zama hizo neno hilo liliwachukua wajukuu pia. Na "cousin" ndilo pana zaidi: huweza kuwa mtoto wa ndugu, mtoto wa ami, au jamaa yeyote wa mbali. "Son-in-law" huweza kuwa mkwe, na huweza kuwa mtoto wa kambo aliyekuja na mama yake. Kwa hiyo usichore mti wa nasaba kwa neno moja. Tafuta na vitabu vya kanisa vya ubatizo na ndoa, vikushuhudilie.

Hayo ni makosa ya kuchora tu. Liko neno ambalo kosa lake ni zito. Katika wasia za karne ya 16 na ya 17 utamkuta baba akisema "my natural son". Kwa Kiingereza kilichokuja baadaye, huyo ni mtoto wa nje ya ndoa. Kwa zama zile mara nyingi maana yake ni mwanangu wa damu, si wa kambo wala wa kulea, na pengine mwandishi huongeza kabisa kwamba ni wa halali. Basi fikiri: mtu anasoma neno moja, anaandika katika daftari la ukoo kwamba babu fulani ni mwanaharamu, na mama yake, aliyelala kaburini miaka 300, anatiwa katika zinaa bila ya shahidi hata mmoja. Nawe unajua sharia yetu inadai mashahidi wangapi kwa neno kama hilo. Kufa kwa bibi yule hakukuondoi haki yake.

Vivyo hivyo "my now wife", yaani mke wangu wa sasa. Wengi wakiliona husema: basi alikuwa na mwengine kabla. Huenda, lakini neno halisemi hivyo. Wakili aliliweka ili zawadi imfikie mke aliyekuwapo siku ya kuandika, asije akaidai mwengine atakayeolewa baadaye.

Msomaji aliyezoea faraidhi, ambako mafungu yamekwisha gawanywa na Mwenyezi Mungu, atashangaa kuona mwana mkubwa hakutajwa, au kaachiwa shilingi moja. Atasema baba alimkasirikia. Lakini kwa sheria ya kule, ardhi isiyousiwa ilimwendea mwana mkubwa peke yake mpaka sheria ya 1925 ilipoiondoa ada hiyo. Isipokuwa pahala kama Kent, ambako wana wa kiume waligawana sawa. Basi asiyetajwa pengine ndiye aliyepata shamba zima. Na mwenye shilingi moja pengine alikwisha pewa fungu lake zamani, na shilingi ni ya kuonyesha hakusahauliwa. Watu husema sheria iliilazimisha shilingi hiyo, haikuilazimisha.

Shakespeare huyo huyo alimwachia mkewe Anne kitanda chake cha pili kwa uzuri, na watu wamecheka mpaka leo. Wanaomtetea husema mjane alikuwa na haki ya thuluthi ya ardhi ya mumewe muda wa uhai wake, haikuhitaji kuandikwa. Ni kweli. Lakini nyumba aliyonunua London 1613 iliandikishwa kwa njia iliyomzuilia mke haki hiyo, kwa hiyo na wanaomtetea wasipite kiasi.

Thuluthi utaiona tena. Katika jimbo la York na mji wa London, mali isiyokuwa ardhi iligawanywa mafungu matatu: la mke, la watoto, na la maiti, ambalo ndilo tu aliloweza kuliusia. Ada hiyo ilianza kuondolewa York 1692, na London 1724. Sisemi waliichukua kwetu.

Wasia za wake ni chache, nazo nyingi ni za wajane, kwa kuwa kabla ya sheria ya 1882 mke hakuweza kuusia mali bila ya ridhaa ya mume, ila kwa njia chache. Usidhani alikuwa fukara. Tazama na tarehe: mpaka 1751 mwaka wao ulianza 25 Machi, basi wasia wa Februari 1640 kwa hesabu ya leo ni wa 1641. Mpaka Januari 1858 wasia zilithibitishwa katika mahakama za kanisa, na zile za mahakama kubwa ya Canterbury ziko Kew, London.

Shakespeare aliwapangia urithi wa ardhi wana wa kiume wa Susanna, wa kwanza mpaka wa saba, "heirs of the body", waliotoka mwilini mwake. Susanna hakupata hata mmoja. Wana watatu wa binti wa pili, Judith, walikufa wote bila ya kizazi, na Elizabeth akafa 1670 hana mtoto. Nyumba aliyozaliwa Shakespeare ikawaendea wazao wa dada yake Joan, ambaye katika wasia ule aliachiwa pauni 20, nguo za ndugu yake, na ruhusa ya kukaa humo kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka.