Vyumba vya Pangani: Nyumba za Wageni Zilizosahauliwa za Nairobi

Anayeandika historia ya malazi mjini Nairobi aghalabu huanza na Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904. Jambo hili si la kushangaza, kwani hoteli hiyo ina jina, ina picha, na wageni wake mashuhuri wameandikwa vitabuni. Lakini Mwafrika aliyefika kwa miguu kutoka Kiambu, au kwa gari moshi kutoka Mombasa na Kisumu, hakuwa na nafasi huko, ila labda jikoni. Je, alilala wapi? Jibu linatupeleka kwenye kijiji ambacho hakipo tena, yaani Pangani ya kale, iliyobomolewa kufikia mwaka 1939.

Pangani ilikuwa mojawapo ya vijiji vya Waafrika vilivyochipuka pamoja na mji wenyewe, sambamba na Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini. Majina haya ni ushahidi wa kutosha kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mitaa hii tangu mwanzo. (Msikilizaji atashawishika kulinasibisha jina la Pangani na kitenzi kupanga, kwa kuwa vyumba vilipangishwa humo. Ni vema ajizuie: Pangani ya mwambao wa Tanganyika ni mji mkongwe kuliko Nairobi, na watu wa misafara walisafiri na majina yao.) Wakazi wake walikuwa wapagazi wa zamani, wachuuzi, vibarua, na wanawake waliotoka kwao kwa sababu mbalimbali, wengi wao wakisilimu na kuufanya mji kuwa kwao.

Neno moteli lilibuniwa California mwaka 1925, kwa ajili ya msafiri mwenye gari. Nyumba za Pangani hazikuwa na kibao mlangoni wala uwanja wa kuegesha chochote, lakini kazi yake ilikuwa ile ile: kumpa mpita njia mahali pa kulala kwa malipo anayoyamudu. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, yenye vyumba kadhaa. Mwenye nyumba aliishi katika kimoja na kuvipangisha vingine. Ndani mgeni hakukuta kitanda tu. Alikuta chai, chakula, maji ya kuoga, na mtu wa kuzungumza naye. Huduma hizi ndogo ndogo zilikuwa jambo kubwa katika mji ambao sera yake ilimhesabu Mwafrika kuwa mkono wa kazi wa muda, asiyehitaji nyumba kwa kuwa kwao ni mashambani. Hata pale manispaa ilipojenga, kama Kariokor mwaka 1929, ilijenga mabweni ya wanaume wasio na familia.

Kwa nini basi historia hii imesahauliwa? Nionavyo mimi, imefunikwa na neno moja: danguro. Wakoloni walipoitazama Pangani waliona uchafu, uhalifu na umalaya, na fasili hiyo ikarithiwa na wengi waliokuja baadaye. Haifai kukana kwamba biashara ya mwili ilikuwapo. Ilikuwapo, na mara nyingine chini ya paa lile lile. Lakini Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975, aliwatazama wanawake hawa kama wajasiriamali wenye nyumba. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha jinsi fedha ya chumbani ilivyogeuka kuwa nyumba. Mwanamke asiye na ardhi kijijini alijenga mjini, akawa mpangishaji, na akatafuta warithi wake mwenyewe.

Lugha ya wanawake hao ilipambanua mambo ambayo faili za serikali ziliyachanganya. Mtembezi alikuwa anayetafuta wanaume barabarani, malaya ni anayewapokea chumbani mwake na kuwakirimu, na wazi-wazi ni wale waliokaa mbele ya milango yao, mtindo ulioenea katika miaka ya 1930. Katika mgawanyo huo, malaya alikaribia zaidi kuwa mwenyeji kuliko maana ambayo kamusi zetu humpa leo.

Pangani ilipovunjwa, watu wake walitengewa mtaa wa Shauri Moyo, uliojengwa na utawala wa mji. Tofauti ilikuwa katika umiliki. Pangani mtu alikaa katika nyumba aliyoijenga. Shauri Moyo alikaa katika nyumba ya manispaa. Biashara ya vyumba yenyewe haikufa, bali ilishamiri Pumwani, ambako wenyeji walikuwa wameruhusiwa kujenga tangu miaka ya 1920, na ambako uhaba wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Pili uliongeza watu katika kila chumba, mpaka msako wa Aprili 1954 ulipowazoa mjini maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Mwaka ule ule wa 1939 Kamusi Sanifu ya Frederick Johnson ilichapishwa. Usanifishaji ulikuwa umeegemea Kiunguja, na msamiati wa wenye nyumba wa Nairobi haukuwa shabaha yake. Ulibaki vinywani mwa wanawake wazee wa Pumwani, na huko ndiko watafiti walikoukuta katika miaka ya 1970.