Katumba Inadai Mhadhara

Bujumbura kuna kituo cha utamaduni cha Wamarekani kinachoitwa kwa jina la Martin Luther King. Kazi za vituo vya namna hiyo zinafahamika: maktaba, madarasa ya Kiingereza, filamu, mihadhara ya wazi, na kila Februari historia ya Wamarekani weusi. Sina ugomvi na hayo. Jina la King ukutani ndilo linalonichokoza, kwa sababu ukumbi wenye jina hilo, katika mji ule, ndio hasa ungefaa kuzungumziwa Katumba, makazi ya wakimbizi wa Kirundi nchini Tanzania.

Katumba inapotajwa, iwe kwenye taarifa za mashirika au hotuba za wakubwa wetu, habari huanzia mwaka 1973: pori la Mpanda, serikali yenye huruma, majembe na mbegu. Si uongo. Makazi yalifunguliwa mwaka huo kando ya reli ya Kaliua–Mpanda, ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi. Wala hayakuwa ya kwanza wilayani. Mwese ilishapokea Wanyarwanda tangu miaka ya 1960. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikaleta fedha, shirika la TCRS la Walutheri likasimamia kazi. Watu wakafyeka miombo, wakavumilia mbung'o, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku mpaka wakajilisha. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa Nishani ya Nansen, na aliistahili.

Kinachorukwa siku zote ni kahawa.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, ikianza na waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa chuo kikuu, hata watoto wa sekondari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Waliotoroka ndio waliokuja kuijaza Katumba. Kwa hiyo anayewaeleza kama wakulima waliokosa shamba tu, amekata hadithi katikati. Wengi waliwaacha nyuma, makaburini au pasipo kaburi, wale ambao wangewafundisha watoto wao.

Wakati huo mnunuzi mkuu wa kahawa ya Burundi alikuwa Marekani, ikichukua kama asilimia 80, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikiilisha serikali ile. Ubalozi wa Marekani ulijua kinachotokea. Balozi Thomas Melady aliondoka mwaka huohuo kwenda Uganda, na mwaka 1974 akatoa kitabu, *Burundi: The Tragic Years*. Mwaka 1973, Katumba ikipimwa viwanja, taasisi ya Carnegie ilichapisha ripoti yenye jina *Passing By*, ikiuliza kwa nini mwenye mkoba hakuutikisa hata kidogo. Kwa hiyo shtaka hili sikulibuni mimi. Wamarekani wenyewe walilitoa kabla matofali ya Katumba hayajakauka.

Wapo wanaoitetea Marekani: kususia kahawa kungemuumiza mkulima maskini, na hata hivyo jambo lilikuwa la Waafrika wenyewe. Hilo la pili lina uchungu wake, maana Diallo Telli, katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), alifika Bujumbura Mei 1972 akatangaza mshikamano na Micombero. Aibu hiyo ni yetu na tuibebe. Lakini hoja kwamba biashara haina nguvu ilivunjwa na makuli wa Tanzania. Mwaka 1973 jeshi la Burundi liliposhambulia vijiji vyetu vya mpakani na kuua Watanzania, wafanyakazi wa bandari waligoma kugusa mizigo ya Burundi. Nchi isiyo na pwani haina ubishi mrefu na bandari. Micombero alikaa mezani Dar es Salaam, Mobutu akiwa mpatanishi, akakubali kulipa fidia. Makuli hawakuwa na ubalozi wala ripoti za siri, walikuwa na mabega tu. Ningependa kumsikia mtetezi wa sera ya kahawa akilijibu hilo mbele ya watu.

Wasomi wa vyuo vya Marekani nao wana deni, ingawa dogo. Liisa Malkki aliandika kitabu kikubwa kuhusu makazi ya Mishamo, jirani yetu mdogo, na kumbukumbu za wakimbizi wake. Marc Sommers aliwafuata vijana wa makazi waliojificha Dar es Salaam wakishona nguo, wakiogopa kutambuliwa. Vyote ni vitabu vizuri, ila Katumba, iliyoitangulia Mishamo kwa miaka mitano, ndani yake inapita kama kituo ambacho treni haisimami.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2007 watu waliulizwa wachague kurudi au kuwa Watanzania. Zaidi ya 162,000 wa makazi ya wakimbizi wa 1972 wakakubaliwa uraia, kisha wakasubiri vyeti hadi Oktoba 2014. Wapo wanaodhani Katumba ilihamia Marekani. Hapana. Warundi wa 1972 waliopelekwa huko walitoka hasa kambi za Kigoma na Kagera, wengi wakiwa wamekimbia zaidi ya mara moja. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012, na Katumba leo iko humo, katika Halmashauri ya Nsimbo.

Basi mhadhara utolewe. Ukitolewa Bujumbura chini ya jina la King, vizuri. Mimi ningeanzia Katumba, kwa Kiswahili na Kirundi, *Passing By* ikiwa imetafsiriwa na kusomwa ukurasa kwa ukurasa, na Mmarekani wa ubalozi akiwa ameketi kusikiliza badala ya kufungua hafla. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Maswali ya kwanza yawe yake.