Ibara ya 15 na Dharau Mahali pa Kazi

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa zamani alinitembelea ofisini. Ana shahada, ana bidii, na sasa hana kazi. Kampuni aliyoitumikia kwa miaka mitatu haikuwahi kumpa mkataba wa maandishi. Mshahara ulicheleweshwa bila maelezo, likizo iliombwa kama sadaka, na meneja alizoea kumfokea mbele ya wateja. Alipopeleka malalamiko katika ofisi ya rasilimali watu, barua yake ilimfikia meneja yuleyule kabla ya jua kuchwa. Nilimuuliza ni lipi lililomuuma zaidi. Hakutaja mshahara, alitaja kufokewa.

Jibu lake lilinikumbusha sura ya historia ambayo vijana wetu wengi hawaifahamu: migomo ya wafanyakazi wa Tanzania kati ya 1971 na 1973.

Sheria ya 1962 ya kutatua migogoro ya kikazi ilikuwa imeufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno kufikiwa. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari ya mwezi Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa. Mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja ambacho Katibu Mkuu wake alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kulinda ajira, iliyounda kamati za wafanyakazi na kumtaka mwajiri afuate utaratibu kabla ya kumwadhibu mtu au kumfukuza.

Likaja Azimio la Arusha la 1967. Mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, lakini ofisi ya meneja haikubadilika. Katika mashirika mengi uendeshaji uliachwa, kwa mikataba, mikononi mwa makampuni ya kigeni. Kwingineko Mwafrika alikikalia kiti cha mkoloni na kurithi pia mwenendo wake. Watu wa mitaani wakapata neno la kejeli kwa tabaka hilo, naizesheni. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, lakini kazi yake ilikuwa kushauri, na sauti ya wakubwa ilitawala humo.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Kilichouchochea kilikuwa hofu ya usalama: Guinea ilikuwa imevamiwa Novemba 1970, na Idi Amin alikuwa ametoka kumpindua Obote. Wafanyakazi, hata hivyo, waliusoma kwa macho yao wenyewe, na wakaishia katika ibara ya 15, iliyomkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Kwa mara ya kwanza mtu wa mashine alikuwa na andiko la chama tawala lililotaja kwa jina kile alichokuwa akitendewa kila siku.

Kilichofuata kilikuwa wimbi la migomo, katika mashirika ya umma na makampuni ya watu binafsi. Masuala ya malipo yalikuwapo, lakini malalamiko mengi yalihusu matusi, ufukuzaji wa kiholela, upendeleo, na matumizi mabaya ya mali ya kampuni. Hili ni la kuzingatia na wale wanaodai kwamba migomo ile ilikuwa uvivu uliovishwa joho la siasa. Mvivu hajali kama meneja anaharibu kiwanda.

Baadaye mbinu ikabadilika: badala ya kuacha kazi, wafanyakazi waliendelea kuzalisha na kumfungia lango meneja waliyemkataa. Katikati ya 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi wakakitwaa kiwanda chenyewe, na Serikali ikaridhia. Wengine walipojaribu kufuata mfano huo, walikutana na polisi. Wapo waliofukuzwa kazi, wapo waliorudishwa vijijini. Viongozi wakaanza kuhubiri kwamba Mwongozo haukuwa kibali cha utovu wa nidhamu.

Kwa maoni yangu, kosa la Mwongozo lilikuwa kuihesabu dharau kama kasoro ya tabia ya mtu, ilhali dharau ni zao la mamlaka yasiyo na wa kuyahoji. Ulimkanya meneja, kisha ukamwacha yeye huyohuyo awe hakimu wa malalamiko dhidi yake. Chama cha wafanyakazi kilikuwa cha Serikali, na baraza lilikuwa la ushauri. Lango la kiwanda likageuka kuwa mahakama kwa kuwa mahakama nyingine haikuwa karibu.

Leo tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayomtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hizi ni hatua za kweli. Lakini kwa dharau ya kila siku, mlango wa kwanza wa kubisha ungali ofisi ileile ambayo ofisa wake anamtegemea meneja kwa mkate wake. Zamani tuliiita ofisi ya utumishi. Siku hizi tunasema rasilimali watu, neno linalomweka mtu katika daftari moja na mitambo na magari. Tumebadili kibao cha mlangoni. Anayekaa ndani bado anaripoti kwa yuleyule anayelalamikiwa.

Mwanafunzi wangu alidhani kwamba kukosa mkataba wa maandishi kumemwondolea haki. Sivyo. Mwajiri asipoutoa, ni juu yake kuthibitisha masharti ya ajira. Asichokijua ni kwamba shauri la kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ndani ya siku 30. Tulihesabu pamoja kwenye kalenda iliyo ukutani kwangu. Zilikuwa zimebaki 11.